Jumapili Nyumbani kwa Diamantina

Tangu alipoamka, Evanthia hakuambiwa hata neno moja na mama mkwe wake. Alimtengenezea kahawa, akainywa. Alimfungulia dirisha, akakaa mbele yake. Alipomuuliza kama alilala vizuri, Diamantina aligeuza uso akaitazama mizeituni ng'ambo ya barabara, kana kwamba swali lile limeulizwa na mtu wa nyumba ya jirani.

Basi Evanthia akajifunga aproni, akashusha sufuria kubwa, akaanza kupika.

Maneno yalikuwa yamekwisha jana yake. Evanthia alimkuta mama mkwe wake uani anafagia majani, akasimama karibu naye akiwa na kikapu mkononi.

"Mama, kesho Lambros atakuja kula nasi. Anataka kuzungumza na wewe."

Diamantina hakuuliza kuzungumza nini. Alifagia mpaka ukutani, akarudi.

"Utampikia nini?"

"Kuku, labda."

"Kuku!" Bibi aliegemeza ufagio ukutani. "Mwanamume anakuja kuomba mke wa mwanangu, wewe unampa kuku? Pika pastitsada."

"Mama, tafadhali."

"Ileile aliyokuwa akiipenda Manthos. Ukiweza kuipakua kwa mkono wako huo, ukamwekea mwanamume mwingine chini ya picha ya mumeo, nitajua umeshaamua. Usipoweza, utajua mwenyewe." Akachukua ufagio wake. Tangu hapo, kimya.

Sasa Evanthia alisimama jikoni na vipande vya nyama ya ng'ombe vya mguu mbele yake, vikubwa kama ngumi, anavipangusa kwa kitambaa kimoja baada ya kingine. Hakuna Jumapili kisiwani Kerkyra, huku Ugiriki, ambayo chakula hicho, pastitsada ya nyama na makaroni, hakipikwi katika nyumba fulani, na katika nyumba hii kilipikwa kila Jumapili mpaka Manthos alipougua. Miaka mitatu tangu wamzike, hakuna aliyethubutu kukitaja.

Mafuta ya zeituni yalipochemka, akatia nyama. Ikalia kwa sauti. Aligeuza kipande upande mmoja, akangoja kiive rangi ya kahawia, akageuza cha pili, bila haraka, kama alivyofundishwa na huyuhuyu aliyemgeuzia kisogo dirishani. Alikuja nyumba hii akiwa bibi harusi wa mjini asiyejua hata kukatakata kitunguu. Diamantina alimshika mkono, akamwekea kisu ndani ya vidole, akamwambia, "Kitunguu hakikatwi kwa hasira, mwanangu. Kwa hasira utakata kidole." Walicheka siku hiyo, wote watatu pamoja na Manthos. Baadaye wakabaki wawili, mjane na mjane, chini ya paa moja, kila mmoja akimhurumia mwenzake na kila mmoja akijificha kulia.

Evanthia na Manthos hawakuwa wamepata mtoto. Hilo nalo halikuwa likisemwa.

Lambros alikuwa fundi seremala wa kijiji. Tangu utotoni alipiga tarumbeta pamoja na Manthos katika bendi ya kijiji, na ugonjwa wa damu ulipompata rafiki yake, ni yeye aliyewachukua kwa gari lake, akalipandisha kwenye feri, akavuka nao bahari mpaka hospitali ya Ioannina kule bara, akawarudisha, akawapeleka tena, majira mawili mazima. Baada ya mazishi aliendelea kuleta kuni na kurekebisha madirisha. Kila alipokaribishwa ndani alisema ana viatu vya matope, hata kiangazi.

Msimu wa zeituni uliopita walikuwa wakikusanya nyavu shambani. Evanthia alijikwaa, akaangukia juu ya lundo la zeituni, na badala ya kuinuka akacheka. Alicheka mpaka machozi. Alipofungua macho alimwona Lambros amesimama, ameshika ncha ya wavu, anamtazama kama mtu aliyesikia wimbo alioudhani umesahauliwa. Hapo ndipo kila mmoja alipojua, na kila mmoja akaogopa.

Nyama ilikuwa tayari. Aliitoa, akatia vitunguu vingi kwenye mafuta yaleyale, akavipika mpaka vikalegea. Nyama ikarudi. Akamimina siki, mvuke ukampanda usoni, kisha divai nyekundu, kisha rojo ya nyanya. Akaunyoosha mkono rafuni, ulipo mtungi wa viungo alivyovitwanga Diamantina mwenyewe: mdalasini, karafuu, kungumanga, bizari nyembamba, pilipili manga, na pilipili tamu nyekundu ya unga. Akatia vijiko viwili. Harufu ikapanda.

Mgongo wa bibi ulitikisika kidogo kule dirishani.

Evanthia alikoroga. Akafunika. Moto akaupunguza.

"Siki ni kidogo," ilisema sauti kutoka dirishani.

Evanthia aligeuka upesi. "Umesema nini, mama?"

"Sikusemeshi wewe. Nasemesha sufuria."

Evanthia aliuma mdomo ili asicheke. Akaongeza siki.

*

Lambros alifika kengele za kanisa zilipokwisha kulia na watu walipokuwa wakitawanyika kwenda makwao. Alivaa koti la bluu lililombana mabegani. Mkononi alikuwa na kisanduku cha peremende za mlozi, kimefungwa utepe. Nywele alikuwa amezilowesha maji akazichana nyuma, ila mmoja tu uliokataa. Evanthia aliuona ule unywele mmoja uliosimama, akapenda kuunyoosha kwa kidole, akaficha mikono nyuma ya aproni.

Macho yao yalikutana mlangoni. Hawakupeana mkono.

"Viatu vyangu leo ni safi," alisema Lambros kwa sauti ya chini.

"Nimeviona," alisema Evanthia. "Ingia."

Diamantina alikuwa amekwisha kaa mezani, gauni jeusi, kitambaa cheusi, mikono imewekwa juu ya kitambaa cha meza kama ya mtu anayepigwa picha. Juu ya kichwa chake, ukutani, Manthos alitabasamu katika sare ya bendi, kofia yenye manyoya imekaa upande.

"Habari za leo, mama Diamantina."

"Kaa."

Alikaa. Evanthia alileta sufuria mezani. Makaroni yake manene yenye tundu katikati alikuwa amekwisha kuyachanganya na mchuzi, kila mrija umekunywa wekundu ule na kung'aa, na nyama imelazwa juu, laini kiasi kwamba ilianza kuachana yenyewe. Alimpakulia kwanza mama mkwe. Halafu akachota tena, akaifikisha sahani mbele ya Lambros. Kijiko kiligonga ukingo wa sahani, kikatoa mlio mdogo. Jibini alilikwangua juu yake mpaka likafunika.

Diamantina alikuwa akiuangalia ule mkono muda wote.

"Umeweza," alisema.

"Nimeweza, mama."

"Haya." Bibi hakugusa uma. Alimgeukia mgeni. "Sema ulichokuja kusema, chakula kisipoe."

Lambros alisafisha koo. "Nimekuja kukuomba ruhusa. Nataka kumuoa Evanthia. Najua si mimi ninayestahili kukaa hapa. Najua ukiniona mimi unamwona ambaye hayupo. Lakini nampenda, na yeye…" alimtazama Evanthia, naye Evanthia akainamisha kichwa kumkubalia, "na yeye ananipenda. Hutaachwa peke yako. Hapa au kwangu, popote utakapotaka wewe."

"Sikukuuliza nitalala wapi. Nakuuliza hivi. Mwanangu alikukabidhi huyu mwanamke?"

"Hapana."

"Kitandani kule, hakukuambia, Lambros, nitunzie mke wangu?"

"Hapana, mama. Hakuniambia hivyo." Lambros alizungumza polepole. "Manthos hakutaka kumkabidhi mtu kitu. Alitaka kupona. Wiki ile ya mwisho alikuwa akinieleza rangi atakayopaka haya madirisha. Mimi sina ruhusa yake. Ningekuwa nayo ningelala usingizi."

Diamantina alimpima kwa macho.

"Dada yangu aliniambia utakuja na hadithi ya wasia," alisema. "Ungeniletea hadithi hiyo ningekumwagia sufuria hii kichwani. Sasa nijibu swali la pili. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto. Tangu lini unamtazama mkwe wangu?"

Evanthia alitulia. Jibu alilijua: tangu msimu wa zeituni, tangu kicheko kile. Alitaka hata kumsaidia kulisema. Lakini Lambros alikuwa ameweka uma mezani na uso wake umebadilika rangi.

"Tangu kabla hajawa mkwe wako," alisema.

Evanthia aliinua macho.

"Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mjini," aliendelea, akiiangalia sahani yake. "Bendi yetu ilikuwa ikipita chini ya madirisha ya mtaa wa kwao. Yeye alikuwa juu, kwenye roshani, ameshika mtungi wa udongo ili auvurumishe barabarani kama ilivyo desturi ya mjini siku ile, na ulikuwa mzito kuliko yeye. Nilimwona. Nikakosa noti. Hatua chache mbele Manthos naye akamwona, akageuka akanipiga kiwiko, akasema, 'Yule pale nitamuoa.' Alisema yeye kwanza. Mimi sikusema kitu. Nilipiga tarumbeta kwenye harusi yao. Sikusema kitu tena, si kwake, si kwa huyu, si kwa padri."

"Lambros," alisema Evanthia.

"Ningemficha mama yako mkwe leo, ningekuficha na wewe maisha yote."

Evanthia alisimama. Kiti chake kilianguka nyuma, hakukiokota. Alitoka kwenda uani, akapita chini ya mzabibu, akafika kwenye ukuta wa mawe na kuushika kwa mikono miwili. Alisikia hatua nyuma yake.

"Usinikaribie."

Hatua zikasimama.

"Pale hospitalini," alisema bila kugeuka. "Machungwa uliyokuwa ukiyamenya. Mto uliokuwa ukimgeuzia. Koti lako uliloniwekea mabegani nilipokuwa nimesinzia benchini. Vilikuwa vya nani vile?"

"Vya Manthos."

"Koti lilikuwa la Manthos?"

Lambros aliangalia chini. "Koti lilikuwa lako," alisema.

"Nilikushukuru! Nilipiga magoti mbele ya mshumaa nikamshukuru Mungu kwa ajili yako! Nikamwambia mume wangu, una rafiki kama ndugu. Naye akasema ndiyo. Akasema ndiyo, Lambros, huku wewe umekaa pale unangoja!"

"Sikungoja." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Sema lolote, hilo usiseme. Mimi sikungoja afe. Niliuza mashine yangu ya kuranda ili apate yule daktari wa Athene. Ningeuza na mikono. Nilimpenda yeye na nilikupenda wewe, na sikuweza kuvitenganisha. Nilijaribu. Nenda kamuulize padri, japo sababu sikumwambia, ni mara ngapi nilitaka kuhama kisiwa hiki."

"Ulipaswa kuniambia."

"Ningekuambia lini? Ulipokuwa bibi harusi? Ulipokuwa unamlisha kwa kijiko? Nikuambie kaburini?"

"Msimu wa zeituni! Nilipokuambia kwamba ndiyo kwanza tumeanza kupendana, na wewe ukanyamaza, ukaniacha niamini!"

Lambros alisimama mikono imening'inia, ule unywele wake bado umesimama kichwani, na Evanthia alichukia kwamba hata sasa alitaka kuunyoosha.

"Nenda," alisema. "Chukua kisanduku chako uende."

"Kisanduku ni cha mama yako mkwe," alisema Lambros kwa upole. Aliinamisha kichwa, akageuka kwenda ndani kuaga.

Evanthia alimfuata kwa mbali mpaka kizingitini. Hakutaka kumwacha bibi peke yake na yule mwanamume, au ndivyo alivyojiambia. Diamantina alikuwa amekaa vilevile. Chakula chake hakijaguswa, mafuta mekundu yameanza kuganda pembeni mwa sahani.

"Kwaheri, mama. Nisamehe kwa kukuharibia Jumapili."

"Nimesikia," alisema Diamantina. "Uani pana masikio. Amekufukuza."

"Ndiyo."

"Basi huna cha kupata tena kwangu."

"Sina."

"Vizuri. Kama huna cha kupata, hutanidanganya." Bibi alivuta pumzi, na mikono yake iliyotulia tangu asubuhi ikaanza kukunjakunja ncha ya kitambaa cha meza. "Mimi sikuwepo mwanangu alipokata roho. Upepo ulikuwa umefunga feri, unakumbuka. Nilikaa bandarini na mkoba wangu mpaka wakanirudisha. Na huyu mkwe wangu alikuwa ameshuka chini kunawa uso. Ni wewe tu uliyekuwa chumbani. Nimekuchukia kwa hilo, Lambros, kuliko hayo mengine yote. Nafasi ile ilikuwa yangu."

"Najua, mama."

"Niambie. Mwanangu aliniita?"

Evanthia alishika mwimo wa mlango. Siku ile ya mazishi bibi alimshika mabega mawili akamuuliza swali hilohilo, na yeye, kwa huruma, kwa kuchanganyikiwa, alijibu, ndiyo, kabla ya kushuka alimsikia akiita, "Mama, mama." Alikuwa amemwona mzee yule akipokea maneno yale kama mkate. Sasa, kutoka kizingitini, alimkazia Lambros macho. Aliinamisha kichwa kidogo kumwashiria. *Sema ndiyo,* midomo yake ilisema bila sauti. *Mhurumie, sema ndiyo.*

Lambros aliyaona macho yake. Aliyaona vizuri. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti cha bibi ili nyuso zao zilingane.

"Hapana, mama," alisema. "Hakukuita. Hakumwita mtu."

Ncha ya kitambaa ilitulia mikononi mwa bibi.

"Alikuwa amelala tangu alfajiri," Lambros aliendelea. "Mikono ilikuwa imejaa mirija, hapakuwa na mahali pa kumshika, nikamshika mguu. Ulikuwa na joto. Alikuwa anapumua, anakaa, anapumua. Halafu akakaa, mimi nikangoja, na hakupumua tena. Hakufungua macho. Hakuna alichotaka, hakuna alichokosa. Ndivyo ilivyokuwa."

"Hakuumia?"

"Saa ile, hapana. Siku za kabla yake, aliumia. Wewe ulimwona. Asubuhi ile, hapana."

Diamantina alifunga macho. Machozi yalitoka taratibu, yakafuata mikunjo ya uso wake mpaka kidevuni, wala hakuyafuta. Evanthia alikimbilia pale, akapiga magoti upande wa pili wa kiti.

"Mama, nisamehe. Mimi nilikuambia… nilidhani itakusaidia. Nisamehe."

"Nilijua," alisema bibi.

"Ulijua?"

"Mwanangu tangu alipoota ndevu hakuniita mama. Aliniita nani?"

Evanthia alifunika mdomo kwa mkono. "Jemadari," alisema.

"Jemadari. 'Jemadari, kahawa iko wapi? Jemadari, nimerudi!' Ungeniambia aliita 'Jemadari,' ningekuamini hadi kaburini. Lakini ulisema 'mama,' nikahisi unanidanganya, ila sikuwa na uhakika. Labda mtu akifa anakuwa mtoto tena. Labda aliita kweli." Sauti yake ilikatika, akaisubiri irudi. "Miaka mitatu, Evanthia. Miaka mitatu nikilala namsikia mwanangu ananiita mimi, na mimi nimekaa bandarini na mkoba, siendi. Kila usiku ananiita, siendi."

"Mama yangu."

"Sasa amelala," alisema Diamantina. "Alikuwa amelala."

Aliweka mkono mmoja juu ya kichwa cha Evanthia. Wa pili ulibaki hewani kidogo, kana kwamba haujui njia, kisha ukashuka begani kwa Lambros, kwenye lile koti lililombana, ukakaa hapo.



Evanthia ndiye aliyeinua uso kwanza. Alimtazama Lambros ng'ambo ya magoti ya yule mama, na hakumwona yule mtu ambaye yeye alimfukuza uani. Huyu alikuwa ameyaona macho yake yakimsihi. Kwa neno moja tu angepata vyote, huruma ya bibi na msamaha wa Evanthia, na neno hilo alikuwa amelikataa.

"Nilikuomba useme uongo," alimwambia.

"Nilikuona."

"Kwa nini hukusema?"

"Aliniuliza yeye," alisema Lambros. "Hukuniuliza wewe."

"Wewe ulininyamazia, mimi nilimdanganya mama." Evanthia alijipangusa uso kwa aproni. "Sijui nani kati yetu anaweza kumfukuza mwenzake. Bado nimekukasirikia, Lambros. Nitakukasirikia kesho pia, na labda Krismasi."

"Nikasirikie."

"Kuanzia leo, lolote ulilo nalo moyoni kuhusu mimi, nataka kulijua mimi wa kwanza. Hata likiwa la kuniumiza."

"Kuna unga wa pilipili usoni kwako," alisema Lambros. "Tangu nilipofika."

Evanthia hakujua kama ni kulia au kucheka. Alinyoosha kidole, akaulaza ule unywele uliosimama, mbele ya mama mkwe wake, mbele ya picha, mchana kweupe.

Diamantina aliiondoa mikono yake, akajikohoza.

"Msinifanye ukuta. Nisikilizeni. Msiniombe nifurahi, sitaweza. Nguo hii sitaivua. Siku ya harusi sitakuja kanisani, mwambieni padri asinifuate. Ibada za mwanangu zitaendelea kila mwaka na ninyi wawili mtasimama mbele, si nyuma kwa aibu. Na wewe, fundi, madirisha alitaka rangi gani?"

"Kijani, mama. Kijani cha zeituni."

"Yapake kijani." Alisukuma sahani yake mbele. "Hiki kimepoa. Evanthia, kipashe moto, na umwongezee mgeni nyama, mfupa ule hauna kitu. Mwanamume amekuja kula, amekula maneno tu."

Evanthia aliwasha jiko. Alisikia nyuma yake Lambros akiokota kiti kilichoanguka. Walikula watatu, bila kusema mengi. Bibi alikula kidogo kidogo, akitazama kila tonge kabla ya kulitia mdomoni, na alipomaliza alifuta sahani kwa mkate mpaka ikawa nyeupe.

"Siki ilitosha," alisema.

Kisha akasimama, akakataa kushikwa mkono, akaenda chumbani kwake kujinyoosha kama ilivyokuwa desturi yake mchana. Wao wawili wakabaki mezani, wamekaa mbali kidogo, hawajui waangalie wapi. Walingoja kusikia mlango ukifungwa. Haukufungwa.

"Mlango nauacha wazi," ilisema sauti ya Diamantina kutoka kitandani. "Si kwa kuwachunga, mmeshakuwa watu wazima. Nyumba hii imenyamaza mno. Ongeeni nisikie."

Evanthia alimtazama Lambros. Alivuta kiti chake karibu na cha Lambros, akaegemeza kiwiko mezani.

"Haya," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani. "Nieleze. Jumamosi ile ya Pasaka, nilikuwa nimevaa nini?"

"Gauni la njano," alisema Lambros, naye akipandisha sauti. "Na mtungi ule, ulipouachia, nusura uniue."

Kutoka chumbani, kwa mbali, walisikia mtu akicheka.